Nilikataa Wembe Kwenye Msiba wa Mama

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na miwili, mkazi wa Mbinga mjini, na kazi yangu ni kupanga madaraja ya kahawa. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu zangu tayari, dawati moja na baba wa watoto sita. Nawaambia mapema ili msije mkasema huyu hakusoma. Nimesoma! Na pamoja na kusoma kwangu nilifanya jambo ambalo hata mbuzi angelionea haya...

Jina langu la ubatizo ni Osmundi. Wanaonijua watawaambia kicheko changu kinasikika kutoka sokoni hadi kanisani. Ni kweli. Lakini kisa hiki sijawahi kukimaliza nikicheka. Huwa naanza kwa mbwembwe, nikifika pale penye mkeka sauti inakatika.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wakamiminika Mbinga kama kumbikumbi. Mmoja wao aliniajiri. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni. Kila kitu nilikuwa nacho isipokuwa nywele!

Zilianza kunitoka nikiwa na ishirini na tano. Kwanza pembeni mwa paji, kisha utosini, kisha vipara hivyo vikakutana katikati kama wapiga ngoma. Zilikuwa zinatoka kwa kasi kiasi kwamba ukinisalimia asubuhi, jioni ungeniuliza mimi ni nani. Nilipaka mafuta ya nyonyo. Nikapaka kitunguu. Nikanunua dawa ya majani sokoni kwa mzee mmoja... nimeshaipaka mwezi mzima ndipo nikagundua kwamba mzee mwenyewe ana kipara!

Basi nikanunua kofia ya pama kwenye mitumba. Nilivaa pama ile kazini, mezani, nadhani hata ndotoni. Shida ilikuwa kanisani, maana mwanaume haingii na kofia. Nikawa nasimama nje, chini ya dirisha, Jumapili hata Jumapili. Wakiniuliza, nasema ndani kuna joto. Joto! Mbinga, mwezi wa sita, wakati watu wamevaa makoti mawili na bado meno yanagongana!

Mama yangu, aliyekuwa akiishi nyumbani kwetu Mbuji, aliliona hilo. Siku moja alinitazama akaniambia, "Baba yako alinioa na upara wake, na watoto mkatoka wote. Wewe unaficha nini?"

Nilicheka. Nikaivuta pama chini zaidi.

Nilikuwa na mchumba, Mwalimu Neema, mwenyeji wa Singida aliyepangiwa kufundisha shule ya msingi kule Mbamba Bay, ziwani. Tulikutana nilipoteremka kununua usipa, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa mcheshi, mkweli, na nywele zake ndefu ungeweza kufungia mizigo. Mwaka mmoja na nusu tulichumbiana, na mwaka wote na nusu sikuvua kofia mbele yake. Alipotaka tukaogelee, nilimwambia nimeona mamba. Nilimwona mamba huyo kila wiki!

Siku moja tumekaa mchangani, akapita mfanyabiashara mmoja mwenye kipara kinachometa. Neema akaninong'oneza, "Yule akiinama, mimi najitazama na kuchana nywele."

Nilicheka kuliko yeye. Moyoni nilikufa.

Wiki hiyohiyo nikasoma tangazo gazetini. Zilikuwa enzi za magazeti mapya, kila siku moja linazaliwa. Lilisema yupo daktari kutoka nje anayekuja Dar es Salaam mara chache kwa mwaka, katika hospitali moja binafsi, anapandikiza nywele kwa wenye vipara. Nilisoma tangazo lile mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Nikamdanganya bosi kwamba nimeitwa na ndugu, nikapanda basi.

Daktari yule alikuwa mstaarabu, na nesi alikuwa akitutafsiria pale Kiingereza changu cha jioni kilipokomea. Alinivua kofia... jamani, nilihisi nimevuliwa suruali! Akanieleza kwamba atakata kipande chembamba cha ngozi yenye nywele kisogoni, ashone, kisha nywele zile azipande mbele mojamoja. Nikaruka kitini. "Kumbe ni kitalu! Mnahamisha miche!"

Alicheka, lakini akanionya. Zilizobaki zingeweza kuendelea kutoka. Kovu lingebaki. Huenda nisingepata msitu, ningepata kichaka tu. Akasema nisiharakishe, nikafikirie, yeye angerudi nchini baada ya miezi minne. Mwisho akasema nikiamua, nije na nywele za kisogoni zimekua, nisizinyoe, ili zifunike mshono.

Katika maneno yote yale mimi niliondoka na neno moja tu. Nisinyoe!

Nikarudi Mbinga nikilinda kisogo kama benki. Kinyozi akinisogelea, navuka barabara. Nilijiaminisha kwamba wembe ukigusa kitalu kile, miche imekufa. Nani aliniambia hivyo? Hakuna! Sikumuuliza daktari, sikumuuliza mtu, maana kuuliza kungekuwa kukiri.

Na uamuzi wenyewe? Mchana nilikuwa naamua kwenda, usiku naamua kubaki. Nilikiogopa kisu, nikamwogopa zaidi Neema. Mwezi wa tatu tangu nirudi nikaandika barua hospitali kwamba niko tayari.

Kabla majibu hayajafika, mama akafa.

Presha. Alikuwa anachambua maharage uani, akasema kichwa kinamuuma, akaingia kulala. Basi...

Tulimzika Mbuji. Neema alipanda kutoka ziwani kwenye malori mawili, mvua juu yake, akafika magoti yana tope, akaingia jikoni kukoroga ugali wa waombolezaji kama aliyezaliwa pale.

Sasa niwaeleze ya kwetu. Katika ukoo wetu, siku ya kuanua matanga watoto wa marehemu hunyolewa. Mkeka unatandikwa uani, shangazi anakaa na wembe na bakuli la maji. Wa kwanza kukaa ni mtoto mkubwa. Yeye asiponyolewa, hakuna mwingine anayenyolewa. Nywele zote huzikwa pamoja mgombani, na hapo ndipo marehemu anakuwa ameagwa.

Mtoto mkubwa wa mama yangu ni mimi.

Shangazi Kolumba, dada yake baba, alinawa mikono. Akaniita mbele ya watu wote pale uani. "Osmundi, baba, njoo umvulie mama yako kofia."

Nilisimama. Nikaishika kofia kwa mikono miwili. Nilikuwa nafikiria nini, wasomaji? Mama yupo udongoni siku tatu, na mimi nafikiria kisogo! Nahesabu kwamba nikinyolewa leo, daktari atakuja aondoke, nami nimebaki na kipara changu na miche imekufa...

Nikafungua mdomo. "Shangazi, daktari wa Dar amenikataza wembe. Nina ugonjwa kichwani."

Shangazi akashusha wembe. "Ugonjwa gani, mwanangu?"

"Wa... mishipa."

Wanawake wakapiga yowe. Walilia upya, sasa wananililia mimi! Shangazi akasema, "Mungu wangu, ametuchukulia mama, anamtaka na mtoto?"

Wakashauriana. Ikaamuliwa mdogo wangu Hyasinti akae badala yangu. Akakaa kwenye mkeka wangu, akainamisha kichwa. Mimi nimesimama pembeni, pama kichwani, kama karani wa sensa.

Walipomaliza watoto wote, Neema akaja akapiga magoti. Hakuna aliyemdai. Alikuwa bado si mke. Shangazi akamwambia, "Mwalimu, wewe huna haja."

Neema akajibu, "Nywele hizi mama alinisuka mwenyewe Pasaka. Nikifumua nitapeleka wapi?"

Na wembe ukapita. Nywele zile ndefu zikaanguka mkekani pamoja na za ndugu zangu. Na mimi nimesimama! Zangu ni za kushikwa kwa vidole viwili, na nimesimama!

Mambo yakazidi kuharibika kwa wema wa watu. Jumuiya yetu ikaniombea kila wiki. Shangazi alinitumia uji wa ulezi. Akanichinjia kuku, akitaka nipate nguvu. Nikamla kuku yule, wapendwa. Nilimla mpaka shingo.

Kisha barua ikaja. Enzi hizo wengi wetu tulitumia sanduku la posta la parokia. Hyasinti akaichukua, akaona muhuri wa hospitali. Akadhani ni majibu ya ugonjwa wangu. Akaifungua kwa hofu, na kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza, akampelekea katekista. Katekista akaja nayo nyumbani Mbuji baada ya misa, ili familia isikie pamoja lolote litakalokuwa. Neema naye alikuwepo, amepanda kuja kumjulia hali mgonjwa.

Mimi nilifika anasoma. Nilisimama mlangoni, nikasikia kila neno.

"Inasema aje kwa ajili ya... kupandikizwa nywele," katekista alisema, akivuta miwani. "Sehemu ya mbele ya kichwa."

"Soma tena hapo," alisema shangazi.

"Nywele, mama. Wanasema watampanda nywele."

"Na ugonjwa?"

Katekista akageuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele. "Ugonjwa haujaandikwa."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Hyasinti akainuka, akaniambia taratibu, "Kaka, nimekaa kwenye mkeka wako." Basi. Akatoka kwenda shambani, Jumapili ile!

Neema akafungua kitambaa kichwani. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, fupi kama za mtoto mchanga.

"Kichwa chako nilikiona siku ya kwanza kabisa," alisema. "Upepo uliinua kofia, nawe ukaidaka. Nikanyamaza, nikaona mwenzangu ana haya, nitamzoea."

"Si ulimcheka yule mwenye kipara, Neema?"

"Nilikuwa nakutania ili uvue, ewe mwanaume!" Machozi yakamtoka. Akafunga kitambaa. "Zangu zimeshaanza kuota, Osmundi. Nenda ukaoteshe zako."

Akateremka ziwani siku ileile. Mwaka haukuisha, akaomba uhamisho kurudi kwao Singida.

Mtadhani hapo nilijifunza? Thubutu! Nilipanda basi kwenda Dar. Nilijiambia nimeshapoteza wote, angalau nirudi na nywele.

Nikakaa kwenye kiti. Daktari akachukua kalamu ya wino, akanichora mstari pajini, pale nywele mpya zitakapoanzia. Nesi anaandaa sindano. Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza miezi minne nyuma.

"Daktari, kama ningenyoa kisogo kwa msiba... ingekuwaje?"

Akashangaa. "Zingeota. Wembe haufiki kwenye mzizi. Tungesogeza tarehe mpaka safari yangu inayofuata, basi."

Basi!

Nikamwona marehemu baba shambani, anakata mikahawa mizee kwa msumeno, karibu na ardhi kabisa, na mimi mtoto nalia nikidhani ameiua. Msimu uliofuata ilijaa machipukizi. Nimekulia humo! Nakula kwa kahawa! Na mtoto huyohuyo wa kahawa aliogopa wembe kwa nywele za kisogoni...

Nilishuka kwenye kiti. Daktari hakunilazimisha, alinishika bega tu. Nikarudi safari nzima, siku mbili, na mstari wa wino pajini chini ya pama.

Nilikwenda moja kwa moja Mbuji. "Shikamoo, shangazi." Akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikavua kofia, nikapiga magoti, nikamwomba anyoe.

Aliinua macho. "Matanga tumeshaanua, Osmundi. Nikunyoe kwa ajili ya nani?"

Kisha akalowanisha pindo la kanga yake, akanifuta ule wino pajini, akisugua kwa nguvu kama unavyomfuta mtoto makamasi. Wembe hakuuchukua.

Tangu siku ile sikuvaa kofia tena. Niliingia kanisani, nikakaa mbele, mwanga wa dirisha ukaniangukia kichwani padri akafumba macho! Watu walinicheka juma zima, la pili wakachoka. Yaani kitu nilichokiogopa miaka sita kiliisha kwa wiki mbili! Nilioa baadaye, nina watoto. Na Hyasinti tuliongea tena, lakini kwa miaka mingi yalikuwa mazungumzo ya salamu na hali ya mvua tu.

Mwaka juzi shangazi Kolumba naye akatutoka. Hakuacha mtoto, sisi ndio watoto wake. Siku ya kuanua, mkeka ulipotandikwa, sikungoja kuitwa. Nilikaa. Hyasinti ndiye aliyeshika wembe. Mbele hakukuwa na cha kunyoa, akapitisha maji tu kwa heshima. Alipofika kisogoni mkono ukasimama.

"Hizi ndizo zile, kaka?"

"Ndizo."

Akanyoa. Tulizika mgombani pamoja na za wengine, fungu dogo, limejaa mvi.

Ndugu zangu mnaotokwa na nywele, sisemi upasuaji ni dhambi. Anayetaka na aende, aulize maswali yote bila haya, asikilize majibu yote. Ninachowaomba ni kimoja. Msiwadanganye watu waliokuja kulia pamoja nanyi. Mama yangu aliagwa na mtoto wake wa pili na msichana wa Singida, na wa kwanza alikuwepo palepale, mzima wa afya, ameshikilia kofia!