Nakili Kama Lilivyo

Kila asubuhi, wanawe wakishakwenda shule, Mama Pacha huosha vyombo, kisha huvipiga picha. Si vyombo vyote. Ni vile alivyonunua katika duka moja la mtandaoni akavipenda: sufuria isiyounguza, kisu cha mboga, chujio la chai.

Picha huwatumia majirani na jamaa kwa simu. Chini ya picha huandika maneno machache, halafu huweka kiungo. Kiungo ni mstari wa herufi na namba. Mtu akiubonyeza, anafika dukani moja kwa moja. Akinunua, duka humpa Mama Pacha kamisheni, yaani sehemu ndogo ya bei. Mama Pacha hana stoo wala habebi mzigo. Kazi yake ni kuwaonyesha watu kitu anachokijua na kusema ukweli juu yake.

Kazi ilimkubali. Duka likamwambia anaweza kuleta wenzake, bila kiingilio. Akaleta wawili. Wa kwanza alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ni msusi. Wa pili alikuwa kinyozi wa mtaani, aitwaye Kipara. Watu husema kinyozi hajinyoi. Huyu hakuwa hata na cha kunyoa.

Mama Pacha ana moyo mzuri, ila subira hana. Wifi alipomwuliza aanzeje, alijibu huku akifunga kamba za viatu vya watoto.

"Usijichoshe, wifi. Kila asubuhi nitakutumia tangazo langu. Nakili kama lilivyo, tuma."

"Kama lilivyo?"

"Kama lilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Kipara naye aliambiwa hivyo hivyo. Wote wawili ni watu watiifu. Wakanakili kama lilivyo.

Siku ya tatu, kwa kinyozi hapakukalika. Mteja mmoja alimsomea tangazo lake kwa sauti: "'Mimi mama wa mapacha, sufuria hii imeniokoa jikoni.' Hongera, Kipara. Ulijifungua lini?" Watu walicheka mpaka machozi. Kipara naye alicheka, lakini walipoondoka alilifuta tangazo, akaacha kazi ile kimya kimya.

Kwa wifi hapakuwa na kicheko. Alituma matangazo wiki tatu. Wateja wake wawili walinunua sufuria, wakamshukuru. Yeye kila akifungua ukurasa aliopewa na duka wa kuonyesha kamisheni yake, anakuta sifuri. Jumamosi akaja kwa Mama Pacha, uso ameukunja.

"Wifi, watu wangu wananunua, kwangu hakuna kitu. Kwako je?"

Mwezi ule kamisheni ya Mama Pacha ilikuwa imepanda. Alikuwa amemshukuru Mungu bila kuuliza sababu.

"Kwangu imeongezeka kidogo," alisema polepole.

"Basi ndivyo ulivyotaka. Mimi nihangaike, wewe ule. Umenifanya punda wako, wifi. Na pale saluni kwangu nimeshawaambia wateja kuwa wewe ni mwizi."

Akaondoka. Chai aliyomiminiwa hakuigusa.

Mama Pacha aliumia sana. Yeye na wifi walikuwa wamependana miaka tisa. Alipolazwa hospitali, wifi ndiye aliyewalea mapacha. Sasa wifi huyo huyo anamwita mwizi mbele za watu.

Akachukua simu, akaenda mlango wa pili kwa Bi Fundi. Mama huyu anashona nguo, na amefundisha mafundi wengi. Bi Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Akavaa miwani.

"Hebu nione kiungo chako. Namba hii ya mwisho ni ya nini?"

"Ni yangu, mama. Kila muuzaji ana yake. Kwa namba hiyo duka linajua nani alipwe."

"Haya, nionyeshe tangazo alilotuma wifi yako."

Mama Pacha akalifungua. Akatazama mwisho wa kiungo. Namba ilikuwa ile ile, yake yeye.

"Kumbe kweli nimemwibia."

"Hukukusudia kumwibia, mwanangu. Hukumfundisha tu. Lakini kwake ni mamoja." Bi Fundi akaonyesha kwa kidole wasichana wawili waliokuwa wakikata kitambaa. "Hawa ningewapa gauni nililoshona mimi wakalitundike, wangekuwa mafundi?"

"Wasingekuwa."

"Kila mmoja nampa kitambaa chake. Mkasi anaushika yeye, mimi naweka mikono nyuma. Akikosea namwuliza, simpokonyi. Tunajifunza jambo moja kwa siku. Kesho yake naangalia mshono wa jana kabla sijampa wa leo."

"Mama, hivyo si atachelewa?"

"Umeshamchelewesha wiki tatu."

Mama Pacha alipiga moyo konde, akaenda saluni. Alikuta wateja wamejaa.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi hapa hapa uliponisema," alianza. Akawaonyesha wote ile namba. Akampa wifi kamisheni ya zile sufuria mbili.

Wifi aliendelea kusuka. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Hizi pesa sawa. Lakini mimi nilitaka kujua unavyofanya. Kila nikiuliza, unaniambia nakili."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pacha kuliko lile la punda.

"Leo simu utashika wewe," alisema.

Mteja alipokwisha kusukwa, wakakaa pamoja. Mama Pacha alikalia viganja vyake, maana vidole vilimwasha. Wifi alibonyeza mahali sipo, akarudi, akabonyeza tena. Mwisho akakipata kiungo chake chenye namba yake. Akamtumia mteja mmoja akijaribu, nacho kikafunguka.

"Sasa niambie," Mama Pacha aliuliza. "Wewe unajua nini kuliko mimi?"

"Nywele."

"Basi masufuria ya nini?"

Wifi akacheka kwa mara ya kwanza. Akachagua kitana cha meno mapana, anachokitumia kila siku. Akaandika mwenyewe: "Kitana hiki hakikati nywele zikiwa mbichi. Kwa nywele laini sana hakifai. Ukinunua kupitia hapa, napata kamisheni. Bei yako haiongezeki."

"Hilo la 'hakifai' litafukuza watu, wifi."

"Wakinunua kisichowafaa, watakuja kuninunia hapa hapa kitini."

Mama Pacha akayaacha maneno yale kama yalivyo. Mwalimu naye alikuwa amefundishwa.

Tangu siku hiyo walikutana kila Jumanne kwa nusu saa. Jumanne moja walijifunza kupiga picha karibu na dirisha. Nyingine walijifunza kumjibu mteja anayeogopa kutapeliwa. Mama Pacha hakumwahidi utajiri. "Mwezi wa kwanza unaweza kukosa hata mteja mmoja," alimwambia. "Ukikwama, niulize mapema." Kipara naye alirudi. Sasa anatangaza mashine za kunyolea, kwa maneno yake na mizaha yake, na wateja wanamwamini.

Mwezi wa pili, wifi aliuza vitana vinne na kofia mbili za kulalia. Namba ilikuwa yake, na kamisheni iliingia kwake.

Siku moja Mama Pacha alikuwa amekaa chini, wifi akimsuka. Mteja mgeni akauliza, "Hii kazi ya mtandaoni, nani alikufundisha?"

"Huyu hapa," wifi alisema. "Mara ya kwanza alinifundisha vibaya. Akarudi akanifundisha tena. Wengi hawarudi."

Macho ya Mama Pacha yakalengwalengwa na machozi ya furaha.

"Nami nataka kuanza," mgeni alisema. "Nitafundishwa na nani?"

Mama Pacha akafungua mdomo kujibu. Wifi akamrudisha kichwa chini taratibu, akaendelea kusuka.

"Wewe tulia, wifi. Huyu nitamfundisha mimi."