Mashuka ya Fundi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, binti alibadilisha mashuka ya baba yake. Baba alikuwa fundi cherehani. Miaka arobaini alishona watu wakapendeza. Sasa upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza, na haja ndogo haikumsubiri tena.

Binti aliyashindilia mashuka kwenye mashine ya kufulia pamoja na taulo, jinzi na nguo za wanawe, mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Kisha akamimina vikombe viwili vya sabuni. Harufu ilimtia aibu, na aibu ndiyo iliyompimia sabuni.

Hata hivyo, mgongo wa mzee uliwasha, ukaanza kuchubuka. Maji nayo aliyakataa. "Nimeshiba," alisema, midomo imemkauka.

Siku moja alikuja muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani. Alimgeuza mzee taratibu, akakunja uso.

"Mzee, mbona hunywi maji?"

Fundi alitazama ukuta. "Nikinywa, nalowesha kitanda. Nikilowesha, mwanangu anafua. Amechoka huyu. Nimwongezee kazi tena?"

Binti akageuka kumtazama. Siku zote hizo baba alikuwa akivumilia kiu kwa ajili yake!

"Na mashuka yenyewe yana unga," fundi akaongeza, akisugua shuka kwa vidole viwili. "Pamba haiwi hivi."

Muuguzi akaomba beseni la maji safi. Akachovya shuka lililotoka kufuliwa, akalikamua. Povu likatanda.

"Dada, mzee analalia sabuni. Ukiizidisha na kushindilia nguo, maji hayana pa kupita. Uchafu hautoki, na sabuni inabaki kumchoma ngozi."

"Sasa nifanyeje, sista?"

"Vaa glavu. Mashuka yaliyolowa yasuuze kwanza, kisha yafue peke yake kwa maji ya moto, digrii sitini. Juu ya nguo iachwe nafasi ya kiganja. Sabuni pima kama paketi inavyosema, usipime kwa hasira. Anika juani, yakauke kabisa. Jinzi na nguo za watoto zina zamu yao, hizo maji baridi yanazitosha."

"Na maji ya kunywa?"

"Anywe! Asipokunywa, mkojo unakuwa mkali, unamchubua zaidi. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Dawa ya mgongo ninayo."

Binti akainama kando ya kitanda. "Baba, kufua hakunichoshi kama kukuona hivi."



Tangu siku hiyo mashine ilizungushwa mara mbili badala ya moja. Beseni la maji safi halikutoa povu tena. Wiki ya pili, michubuko ilianza kukauka. Mchana mmoja binti alitandika shuka lililotoka juani. Mzee akalisugua kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo pamba," akasema. "Mwanangu, nipe maji."

Akampa kikombe kimejaa. Mzee akanywa yote, akakirudisha.

"Ongeza."