Gauni la Amondi

Uzi ulianza kujichomoa mchana, mvua za El Niño zikipiga mabati ya mtaa wa Mashimoni, wala hakukuwa na mkono uliouvuta.

Celine aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Ukutani lilining'inia gauni la marehemu mama yake, Amondi, lililoshonwa kwa viraka vya nguo za kila mtu wa nyumba yao aliyetoka ziwani kuja Nairobi: kaki ya baba aliyefanya kazi ya reli, shati la Osewe, mdogo wa baba, hadi nepi ya Ryan, mtoto wa Celine. Aliyefika, nguo yake ilikatwa kipande, naye akahesabiwa wa nyumba. Picha hawakuwa nazo.

Kiraka cha Ryan ndicho kilichokuwa kikifumuka. Kitandani mtoto, aliyeamka mzima, akaanza kutetemeka kwa homa.

Hasira ilimfika Celine kabla ya hofu. "Toka! Achana na mtoto wangu, mwizi wewe!"

Akakishona upya kwa uzi wa mara mbili. Uzi ukatoka, kwaruu, taratibu, kama uliovutwa na mtu asiye na haraka. Chumba kikanuka udongo mbichi wa kaburi. Na kila mshono ulipoachia Ryan aliugulia, naye Celine akashona, ukafumuka, akashona tena huku akilia na kutukana, mpaka vidole vikatoboka, mpaka kiganja chake kikateleza kifuani mwa gauni na kugusa, chini ya kiraka kipya kisicho cha mtu yeyote, safu ya matundu ya sindano ya zamani.

Hapo palikuwa pa Awiti, dada yake. Awiti alifia Kawangware, chumbani kwa Osewe, kabla hajaolewa. Alizikwa nje ya ua, na siku hiyo hiyo Osewe akashika makasi, akamtoa kwenye gauni.

Jioni Osewe mwenyewe aliingia, ameitwa na jirani, chupa ya mafuta ya taa mkononi.

"Lete tuchome," alinong'ona. "Nilijua huyo msichana atarudi."

"Uchome na Ryan? Si naye yuko humo?"

"Asiyeolewa hulala nje, Celine. Ni mila. Si mimi niliyeitunga."

"Na makasi, anko? Hayo pia ni mila?"

"Shh! Anasikia."

"Wacha asikie! Kipande chake kiko wapi?"

Osewe alilitazama koti alilovaa. "Kilikuwa kitambaa cha nguvu. Nilikishonea mfuko."

Celine hakumwomba alivue. Alimkaba ukosi, akaukata mfuko ungali kiunoni mwake, akakifumua kiraka kile kipya na kumrudisha Awiti kifuani, mshono kwa mshono, akilitaja jina lake kwa sauti ambayo majirani waliisikia juu ya mvua. Harufu ya udongo ikapungua. Ryan akafumbua macho, akaomba uji.

Ndipo sauti ile ikasikika tena, kwaruu, safari hii begani mwa gauni. Kiraka cha Osewe kilikuwa kikiachia. Mzee akakaa chini ghafla, meno yakigongana.

"Shona, mwanangu. Tafadhali, shona haraka."

Celine aliutazama uzi uliojaa kwenye kibiringo, kisha akamtazama baba yake mdogo.

"Uzi umeniishia, anko," akasema, akaenda kumpikia mtoto uji.