Magogo Yenye Maganda

Nyumba ya Jepleting pale Molo haikosi watu. Jioni hiyo majirani walikuwa wakinywa chai na kupeana udaku wa mtaa. Mumewe, fundi seremala Kipkemoi, alikaa pembeni. Alikuwa ametoka Busia, mpakani, macho mekundu.

"Lori bado wamelishika?" akauliza Simran, mwenye duka la mbao.

"Siku ya tisa. Wakaguzi wa mpakani wamepata wadudu chini ya maganda. Magogo yanarudishwa Uganda."

Jepleting akaweka birika chini polepole. Mbao za magogo hayo zilikuwa za vitanda vya bweni la wasichana. Binti yao Cherop angelala humo. "Shule inafunguliwa baada ya wiki tatu. Watoto walale sakafuni?"

"Kwani mliacha maganda ya nini?" Simran akauliza.

"Ni mimi nilimwambia muuzaji asiyatoe. Watu wa Molo unawajua. Wasipoona ganda, wanasema umewauzia blugamu, mti wa bei rahisi."

"Hata mimi ningesema," jirani mmoja akatupia.

"Na kibali?" Simran akauliza tena.

"Niliomba lori likiwa barabarani."

Simran akashusha pumzi. "Umeanzia mkiani, fundi. Unaomba kibali KEPHIS kwanza, wale wa serikali wa afya ya mimea, mzigo haujapakiwa. Kinaandika masharti, kama kutoa maganda na kupiga dawa. Unamtumia muuzaji. Wakaguzi wa Uganda wanaangalia magogo, wanatoa cheti cha afya ya mimea. Cheti chenyewe, si kopi, kinakuja na lori. Hapa mpakani wanakagua tena."

"Karatasi zote hizo, na mti umeshakufa?"

"Mti umekufa. Mdudu hajafa. Akishuka hapa, ataanza na hiyo miti yako."

Kipkemoi akatazama nje, ile miti aliyoachiwa na baba yake.

Asubuhi akafunua mbao kavu alizokuwa ameweka za paa la nyumba yao mpya. Jepleting alishika upande mmoja, yeye upande wa pili. Vitanda viliisha siku moja kabla ya shule kufunguliwa.

Mzigo wa pili aliuombea kibali mapema. Ulikuja bila maganda, cheti mkononi mwa dereva. Ulikaguliwa, ukapita.

Mteja wa kwanza akageuza gogo. "Ganda liko wapi, boss?"

Kipkemoi akampa cheti. "Soma hapo, jina la mti limeandikwa."

Mteja akasoma, akarudia. "Basi nikatie mbao za mlango."

Nyumba mpya bado haina paa. Lakini Cherop ana kitanda.