Kiti cha Kusema Mwisho

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta fundi cherehani jirani yetu, mtu mzima na akili zake timamu. Kila Jumapili alasiri hufunga mlango wa duka nusu, akacheza poka na kinyozi, muuza viatu, na mdogo wake wa tumbo moja. Wanachezea vifungo vya mashati.

Kwenye meza yao zamu haizunguki. Mdogo mtu alirithi kiti cha marehemu baba yao, naye fundi wa chaki na mkasi, kiti cha kusema mwisho. Wenzake wakishasitasita, yeye hutabasamu: "Naongeza kidogo tu." Vifungo viwili. Wote wanatupa karata, anazoa. Mpaka wakambandika jina, Kidogotu.

Fundi roho ilimuuma, jamani, acha tu! Wala si kwa vifungo. Kidogotu akitoka pale hupitia kwa mama yao, na Mama humpokea mlangoni kwa kicheko mtaa mzima unasikia. Fundi, aliyemshonea Mama kila gauni alilo nalo, huambiwa, "Umekuja?" Basi.

Jumapili moja akawahi, akakikalia kile kiti. Kidogotu alipomwona alisawijika, akavuta kigoda.

Karata zikagawiwa. Fundi akapata wafalme wawili. Akasogeza vifungo viwili.

"Naongeza kidogo tu."

Kinyozi akatupa. Muuza viatu akatupa. Kidogotu naye akatupa.

Nyuma ya kiti, sauti ikasema, "Nafuata."

Nyuma ya kiti palikuwa na ukuta.

Fundi akafunua karata tatu za mezani, zile za wote. Kinyozi akashangaa. "Sasa wafunua nini, wewe? Si umeshashinda?"

Hakuwa amesikia. Kidogotu alikuwa amesikia. Akamwinamia nduguye sikioni. "Kaka, tupa. Mimi hutupa zangu kimyakimya, nikashindwa. Ukishindwa, anakusindikiza hadi mlangoni kwa Mama, kisha anarudi."

"Nikishinda?"

"Sijawahi kuthubutu."

"Wewe ndivyo utakavyo, nishindwe!" Wivu ulikuwa umemziba masikio. Mezani palikuwa na mfalme wa tatu. Akasukuma vifungo vyote.

Pumzi shingoni, ya baridi.

"Umenila," sauti ikasema. Ikacheka taratibu. Kisha kitu kizito kikatua begani mwake.

Kabla ya magharibi akaenda kwa Mama, peke yake. Hata hajabisha, mlango ukafunguliwa. Mama kicheko tele, kicheko alichokitamani miaka yote.

"Karibuni! Karibuni ndani!"

Macho yake yalipita juu ya bega la mwanawe. Fundi akaingia. Mama akabaki ameshika mlango, akampisha mwingine, ndipo akafunga.

Shati la siku ile Fundi amelifua mara nne. Alama za vidole vya chaki begani hazijatoka. Sasa Mama amemkataza kulifua tena.