Ardhi Ikinguruma, Simama

Mapenzi yao yalianza kwa kukanyagana. Kwenye foleni ya duka la dawa, watu wamebanana, buti zito likatua juu ya kiatu chekundu cha wazi.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nisamehe, dada. Kutwa nzima naangalia ninapokanyaga. Nikitoka kazini nachoka."

Alikuwa mtegua mabomu ya ardhini. Binti akacheka, maana naye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, ila ofisini. Huko uwanjani mtambo huitikisa ardhi kwa mngurumo, vihisi hupokea mtetemo, naye huusoma kwenye kompyuta. Udongo mtupu hutetemeka hivi, penye bomu hutetemeka vingine.

Basi wakapendana mpaka wenzao wakachoka kuwasikia. Lakini mapenzi na woga, jamani! Binti akamwendea bosi kwa siri, akaomba mpenzi wake ahamishiwe ghalani. Mwanamume alipopata habari akapiga simu, amewaka.

"Umeniona mtoto mdogo?"

"Mpenzi, nimekuota vibaya..."

"Ota mengine!" Akakata.

Binti alirudi kwenye vipimo analia, akaandika kipande cha kaskazini: salama.

Asubuhi ndipo alipoviangalia tena, akaona kosa. Vilichukuliwa mvua imetoka kunyesha, na udongo uliolowa hudanganya. Akapiga simu. Ikaita weee, bila majibu, kwani watu wa uwanjani huacha simu garini. Kwenye kompyuta, vihisi vilionyesha mtu anatembea kuelekea kaskazini, mguu wa kulia mzito. Mwendo ule aliujua.

"Mama yangu!" Akabonyeza swichi mezani, akauwasha mtambo kule uwanjani.

Ardhi ikanguruma. Kila mtegua mabomu anajua, ikinguruma unaganda ulipo. Lakini mtu mwenye hasira hutii? Hatua moja ikaongezeka. Kisha nyayo zikakoma.

Wenzake walimfikia mchana, wakichokoa udongo polepole. Bomu lilikuwa shibiri moja mbele ya buti lake. Simu ya ofisini ikalia.

"Ni mimi niliyekosea," binti akasema. "Nilikuwa nalia, sikuangalia mvua."

"Ardhi iliponguruma nilijua ni wewe. Nikasema, huyu mwanamke ananigombeza mpaka chini ya ardhi! Nitakuoa, mpenzi. Ila ghalani siendi."

"Basi na mimi sibanduki kwenye hii kompyuta."

Wakaoana. Mpaka leo, hata mama mkwe akipiga simu asubuhi, mke hapokei. Anafuatilia mguu mzito wa mumewe, mkono uko juu ya swichi. Na leo mvua imenyesha tena.