Volti Sita za Nyaruai

Walikutana siku ya soko pale Kitale, kwenye kibanda ambamo Nyaruai hutengeneza amplifaya, zile mashine za kukuza sauti. Mukhisa, mwenye kukodisha spika kule Kanduyi, Bungoma, alifika na shati la kitenge lililonyooshwa vizuri na mashine bubu kwapani. Akamkuta msichana wa ovaroli ya buluu na hereni ndefu.

"Fundi yuko wapi?"

"Si unamwangalia."

"Ati wewe?"

"Kwani nina kasoro gani?"

Hakuwa nayo, na ndiyo maana kwa miezi mitano Mukhisa alimpigia simu kila jioni. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula. Wewe lala uniote." Mambo yalinoga hadi Jumamosi ya harambee ya kwaya huko Kanduyi. Amplifaya ambayo Nyaruai alikuwa ameitengeneza wiki hiyo ikakataa kutoa sauti.

"Nyaruai, hii kitu yako imekufa."

"Chukua mita ya kupima umeme. Waya wake mwekundu kwa tundu la spika, mweusi kwa graundi. Lazima usome karibu volti sita."

"Nasoma sufuri."

"Mweusi umeuweka wapi?"

"Si kwa tundu jeusi ya spika, bana. Unadhani mimi ni mtoto?"

"Mukhisa, hiyo si graun—"

Mukhisa akakata simu. Hivi mtu anauliza swali kisha anakatia jibu njiani? Akageukia kwaya nzima akasema, "Huyu fundi wa Kitale ametulaghai."

Phelista, dada yake Mukhisa, alimtumia Nyaruai maneno hayo kama yalivyo. Nyaruai alikaa chini. Yeye ndiye mwanamke pekee kwenye ile safu ya mafundi, na nusu ya wateja wake hutoka Bungoma. Jina likiharibika, kibanda kimefungwa.

Saa nane alikuwa Kanduyi, gauni jekundu, mita mkononi, salamu hakuna.

"Ona. Kwa amplifaya hii ya betri, matundu yote mawili ya spika hukaa volti sita. Ukipima moja kwa lingine utasoma sufuri mpaka Yesu arudi. Graundi ni hii hapa, negativu ya betri."

Tundu jekundu, sita. Jeusi, sita. Basi amplifaya ilikuwa nzima. Akavuta waya wa maikrofoni, ukamtokea mkononi umekatika. Akaubadilisha, na sauti ikajaa uwanja.

"Nisamehe, mpenzi," Mukhisa akanong'ona.

"Ulinitukana kwa sauti ndogo hivyo?"

Mukhisa akashika maikrofoni. "Nilipima vibaya. Kazi ya Nyaruai iko sawa, mimi ndiye nilimharibia jina. Nampenda, na nataka kumuoa."

Wanakwaya wakapiga vigelegele. Nyaruai hakucheka.

"Ya jina nimesikia. Ya ndoa umeambia kwaya. Mimi hujaniuliza."

Mukhisa akazima amplifaya, akasogea karibu, akamuuliza.

"Nimekubali," akasema, akikunja waya za mita. "Lakini leo narudi Kitale na hasira zangu, na usinipigie mpaka Jumatatu."